Kivumbasi: Manufaa Yake na Mipaka Yake

Miongoni mwa mimea iotayo yenyewe katika malisho, kando ya njia na katika mashamba yaliyolazwa, kivumbasi kinajulikana sana kwa wazee wetu. Ni jamaa ya mrehani wa bustanini. Jina hili hutumika kwa mimea zaidi ya mmoja; hapa tunazungumzia hasa ule ambao wataalamu huuita Ocimum gratissimum, na ambao katika vitabu vya zamani uliandikwa Ocimum suave.

Kwa desturi, majani huchemshwa na mgonjwa wa mafua hujifukiza mvuke wake ili pua izibuke. Maji yake hunywewa kwa kikohozi na kwa msokoto wa tumbo. Jioni matawi mabichi huwekwa juu ya makaa, moshi ukafukuza mbu. Wakulima nao huchanganya majani makavu na mahindi au maharagwe ghalani ili kuzuia fukusi.

Desturi hizi zina msingi. Harufu ya kivumbasi hutokana na mafuta yaliyomo majanini, na katika mimea mingi mafuta hayo yana yujenoli, ile ile iliyomo katika karafuu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba majani ya kivumbasi na karafuu vina viungo vinavyofukuza fukusi wa mahindi. Lakini mafuta hayo huruka hewani, kwa hiyo nguvu ya majani hupungua kadiri siku zinavyopita. Mwanachama akague nafaka yake mara kwa mara, na majani yakaushwe barabara kabla ya kutumiwa, kwani unyevu huleta ukungu.

Hapa yafaa tuseme wazi jambo moja. Kufukuza mbu si kutibu malaria. Moshi hupunguza mbu kwa muda tu na hauchukui nafasi ya chandarua. Mtoto mwenye homa asicheleweshwe nyumbani kwa kufukizwa au kunyweshwa maji ya majani. Apelekwe zahanati apimwe damu siku hiyo hiyo. Malaria kali huweza kumwua mtoto katika muda mfupi, na saa zilizopotea hazirudi. Mjamzito naye apate kwanza ushauri wa mhudumu wa afya.

Je, chama kinaweza kunufaika? Mfano upo Kenya. Wakulima wa kikundi cha Muliru, karibu na msitu wa Kakamega, walipanda mashambani jamaa mwingine wa kivumbasi, Ocimum kilimandscharicum, wakakamua mafuta yake na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta. Siri yao ni kupanda badala ya kung'oa porini, kushirikiana na watafiti, na kuuza bidhaa iliyokwisha tengenezwa badala ya majani matupu.

Basi makatibu wa vyama wanaombwa waandike matumizi ya mimea kama wanavyoyaeleza wazee wa mahali pao, pamoja na jina la kienyeji la kila mmea. Kabla chama hakijauza chochote kwa jina la dawa, kihakikishe mmea umetambuliwa na wataalamu na bidhaa imesajiliwa kwa mujibu wa sheria. Elimu ya wazee ni akiba ya wote. Tuitunze kwa uangalifu kama tunavyotunza mazao ghalani.