Omega-3: je, kidonge kinarudisha akili ya mzee?

Siku hizi, Butembo na Beni, mzee akianza kusahau majina ya wajukuu, watu wa nyumba wanaulizana: tumununulie dawa ya bongo? Mtoto mwenye kuchimba zahabu anatuma franga, na chupa ya omega-3 inanunuliwa. Mbele ya kutosha pesa, tusikilize yale waganga walipima.

Omega-3 ni mafuta yenye kupatikana zaidi ndani ya samaki. Aina moja, DHA, ni sehemu ya bongo yenyewe. Ndiyo maana watu walifikiri: tukiongeza mafuta, akili itabakia. Uingereza walijaribu na wazee 867, wa miaka 70 mpaka 79. Nusu walipewa mafuta ya samaki, nusu mafuta ya zeituni, kwa miaka 2. Matokeo yakatoka mwaka 2010: hakuna tofauti ya kukumbuka. Mwaka 2012, uchunguzi wa Cochrane ukajumlisha majaribio 3 yenye watu zaidi ya 3.500 wenye kupita miaka 60. Jibu likawa lile lile.

Samaki bado ni chakula kizuri. Samaki wa Vitshumbi ao Kyavinyonge analisha nyumba nzima. Kidonge kinaenda kwa mutu mumoja tu. Na mzee mwenye kunywa dawa za kulainisha damu aulize muganga kwanza, sababu omega-3 nyingi inaweza kuongeza hatari ya kutoka damu.

Lakini kwetu wachimbaji, kuna adui wa bongo mwenye tunamuleta wenyewe nyumbani: zebaki, ile mercure ya kukamatisha zahabu. Ukiichoma, moshi wake hauonekani, unapita ku mapafu mpaka ku bongo. Mikono inatetemeka, usingizi unapotea, mutu anasahau. Basi usichome mercure mu jikoni, mahali bibi na watoto wanakaa. Usilete nyumbani nguo zenye ulichomea.

Na mzee? Mupeleke ku kituo cha afya wamupime tansio na sukari. Tansio ya juu isiyotunzwa inaharibu mishipa ya bongo polepole. Mzee asiyesikia vizuri, ao mwenye malaria, anaweza kuonekana kama amepoteza akili, kumbe shida iko kwingine. Pesa ya chupa ianze kulipa pale.