Mgomba, Maabara na Sheria

Uwanja wa Nakivubo mjini Kampala ulipewa jina la ukumbusho wa vita. Ubavuni mwake lipo soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo wengi huliita Owino, na humo raia na jamaa za askari hununua chakula chao. Katika chakula cha Kampala, matoke ndiyo mfalme. Walakini mfalme huyo ana upungufu: vitamini A yake ni kidogo. Mwili unaoikosa vitamini hiyo huanza kutoona vizuri gizani, na mtoto mdogo aweza hata kupofuka. Kwa mlinzi wa zamu ya usiku, jambo hilo halihitaji maelezo marefu.

Miongoni mwa waliojitolea kuuondoa upungufu huo ni Profesa James Dale wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland, mjini Brisbane, Australia. Alianza kazi yake kwa kuchunguza virusi vya mimea, kikiwamo kirusi kinachodumaza migomba na kuyasonganisha majani yake kileleni. Baada ya kumjua adui, aligeukia kuujenga ulinzi ndani ya mmea wenyewe.

Mgomba wa matoke hauzai mbegu. Huendelea kwa machipukizi. Kwa hiyo ni vigumu mno kuupandikiza na mgomba mwingine ulio bora, kama ifanywavyo kwa mahindi. Uhandisi jeni hupita njia nyingine. Jeni, yaani chembe ya urithi ibebayo sifa fulani, huchukuliwa na kutiwa katika seli za mgomba. Mchukuzi wake ni bakteria wa udongoni, ambaye kwa asili yake hupenyeza jeni ndani ya mimea. Seli zilizoipokea hulelewa maabarani hadi ziwe miche.

Tangu mwaka 2005, Dale alishirikiana na Shirika la Taifa la Utafiti wa Kilimo la Uganda, kwa fedha za Wakfu wa Gates. Jeni ilitolewa katika ndizi iitwayo Asupina ya Papua New Guinea, ambayo nyama yake ni ya rangi ya machungwa. Wanasayansi vijana wa Uganda walikwenda Brisbane kusoma, na majaribio yakafanywa Kawanda, kando ya barabara iendayo Bombo. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba ndizi zilizopandwa Australia zilikuwa zimefikia lengo: mikrogramu 20 za viini vya vitamini A katika kila gramu ya ndizi kavu.

Mwaka huohuo Dale alitangaza pia ndizi ya Cavendish yenye kuhimili ugonjwa wa Panama aina ya nne. Ugonjwa huo huletwa na kuvu akaaye udongoni miaka mingi, asiye na dawa. Mwaka 2013 aligunduliwa Msumbiji. Jeni ya kinga ilitoka katika mgomba wa mwituni wa Asia. Mwezi Februari 2024 Australia iliiidhinisha ndizi hiyo.

Nchini Uganda mambo yalikwenda vingine. Bunge lilipitisha muswada wa bioteknolojia mwezi Oktoba 2017, na Rais Museveni akaurudisha. Uliporekebishwa na kupitishwa tena mwaka 2018, ulirudishwa mara ya pili. Hoja zilikuwa nzito: nani atamiliki mbegu, na mbegu za asili zitalindwaje? Waliounga mkono muswada walijibu kwamba magonjwa hayangoji mijadala, na kwamba mgomba usiozaa mbegu hausambazi jeni zake kwa urahisi.

Fundisho hapa ni moja. Silaha mpya haitoki ghalani kabla ya kupimwa, wala haitumiki pasipo amri. Vivyo hivyo, uvumbuzi wa chuo kikuu haumfikii mkulima kwa ubora wake peke yake. Hapana budi sheria iufungulie mlango, na wananchi wawe na imani na sheria hiyo.

Lakini macho ya watoto wa kambini hayapaswi kungoja. Viazi vitamu vya rangi ya machungwa, mchicha, papai na maini vina vitamini hiyohiyo. Bustani ndogo nyuma ya nyumba ni ulinzi ambao hauhitaji muswada.