Mwache Acheze, Wewe Nyamaza!

Haya kijana, tuseme wewe na wenzako wa klabu ya kompyuta hapo Moshi mmetengeneza gemu kwa programu ya Scratch. Mchezaji anapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu: analala Mandara, kisha Horombo, kisha Kibo, mpaka kileleni Uhuru, mita 5,895. Akikimbia sana, kichwa kinamuuma. Akinywa chai, nguvu zinarudi.

Mnamwita mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aijaribu. Anafika Kibo kichwa kikiuma, anabonyeza chai, huyoo mpaka juu! "Gemu kali!" anasema. Mnapeana mikono.

Ngoja kwanza. Muulize: "Ukiwa mlimani kweli, kichwa kikakuuma, utafanyaje?"

"Nitakunywa chai niendelee."

Kumbe! Gemu yenu imemfundisha jambo linaloweza kumuua. Juu kule kila pumzi ina oksijeni kidogo. Anayepanda haraka huumwa kichwa na kusikia kichefuchefu, na akilazimisha, ubongo unaweza kuvimba au mapafu kujaa maji. Mwenye kichwa kinachouma haendi juu zaidi mpaka apate nafuu. Akianza kupepesuka, au kuhema hata akiwa amekaa, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku.

Utasema, "Lakini tuliandika onyo!" Ndiyo, mliandika, naye akalipita bila kulisoma. Usiongeze maandishi, badilisha kanuni ya mchezo. Chai impe joto tu. Maumivu yapungue kwa kupumzika au kuteremka, na anayeteremka kwa wakati apate pointi. Kama ushindi ni kufika Uhuru peke yake, nani atakubali kurudi?

Sasa, kosa hili mngelionaje mapema? Kaa nyuma ya mchezaji, shika kalamu, funga mdomo. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa! Akikwama kidogo tu, tunarukia: "Bonyeza pale!" Je, gemu ikienda shule nyingine, utaifuata ukabonyeze? Andika alipokwama, alipocheka, alipopiga miayo. Tafuta watu watano hivi wasioijua gemu, rekebisheni, halafu leteni wengine wapya. Wale wa kwanza wameshazoea.

Wengine watakuambia, "Weka pikipiki!" Usicheke, wala usikimbilie kuweka pikipiki. Uliza alichoka wapi. Huenda safari ya Mandara hadi Horombo ni ndefu mno na haina tukio lolote. Hilo ndilo la kurekebisha.

Wataalamu nao hawategemei sifa tu. Mwaka 2017, magharibi mwa Kenya, watafiti walijaribu gemu ya simu iitwayo Tumaini, ya kuwasaidia vijana kujikinga na VVU. Walishiriki vijana 60 wa miaka 11 hadi 14, nusu yao wakapewa gemu. Simu zenyewe ziliweka kumbukumbu za uchezaji. Vijana waliulizwa maswali kabla na baada, ili ijulikane kama wamejifunza kitu, na wazazi pia walitoa maoni yao.

Nanyi, kabla ya kuisambaza, mpelekeeni mtu aliyepanda kweli. Marangu hamtakosa mpagazi au muongoza wageni, pengine ni mjomba wa mmoja wenu. Mwamkieni, mwacheni acheze kimya kimya, kisha mumuulize swali lile lile la kichwa.