Lugha ya Rust na Wavuti (5): Jedwali na Haki ya Msomaji

Tangu matokeo ya sensa ya 2022 yatangazwe, na majedwali yake kuanza kupita mikononi mwetu, yenye kutuarifu kwamba Zanzibar ina watu 1,889,773, na katika hao 543,441 ni wa Pemba, nimekuwa nikiulizwa hapa Tibirinzi suala moja: mtu atakaye kuzipanga shehia kwa wingi wa watu, au kuificha safu asiyoihitaji, afanyeje, ilhali karatasi ina mpango mmoja tu, nao ni wa mchapaji? Jibu ni kwamba jedwali la namna hiyo yapasa liundwe ndani ya kivinjari. Na kwa kuwa katika makala zilizotangulia tulikwisha kueleza Rust ni lugha gani, umiliki wa thamani ndani yake huendaje, na vipi WebAssembly huifikisha kwenye kivinjari, leo ningeweza kuingia moja kwa moja katika jedwali lenyewe. Ila naomba kwanza ruhusa ya kuyataja majedwali ya waliotutangulia, kwani asiyeyajua hayo hataona thamani ya haya.

Al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, alitunga majedwali ya falaki ambayo kwayo mtu aliweza kujua mahali pa jua, mwezi na sayari bila ya kuanza hesabu upya. Na Ulugh Beg, mtawala na mwanachuoni wa Samarkand, alikamilisha yake mwaka 1437, yakategemewa na wanafalaki wa mashariki na magharibi kwa muda mrefu baadaye. Bahari yetu nayo haikukosa sehemu katika elimu hii. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar, alipoandika katika karne ya 15 juu ya misimu ya safari, hakutumia miezi ya Hijra, ambayo huzunguka mwaka mzima na kumwacha baharia bila ya alama ya pepo; alihesabu siku kuanzia Nairuzi, yaani siku ya kwanza ya mwaka wa jua, na kwa hesabu hiyo akaonya siku gani inafaa kutweka tanga na siku gani bandari hufungwa.

Hesabu hiyohiyo ndiyo waliyoishi nayo wazee wetu wa mwambao na visiwa, wakulima na wavuvi, wakiugawa mwaka katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za gatha zikikamilisha 365. Kwa kuwa hapana siku inayoongezwa katika mwaka mrefu, Nairuzi hurudi nyuma siku moja, takriban, katika kila miaka minne ya kalenda ya Kizungu, na mwenye ilimu ya miongo hulijua hilo na kulizingatia. Wallahi hili ni jedwali kamili, lililokaa vifuani badala ya karatasini! Na tazama uungwana wake: mvuvi alipomwendea mjuzi aliambiwa habari za upepo na bahari, mkulima akaambiwa habari za mvua na kupanda, kila mmoja akipewa safu iliyomhusu, ilhali mwongo ni uleule na siku ni ileile. Mjuzi hakuwahi kuibadili hesabu ili kumpendeza aliyeuliza.

Hivyo ndivyo jedwali jema la Rust linavyopasa kuwa. Mwundaji huanza kwa kuutaja muundo wa mstari mmoja, kwamba jina la shehia ni maandishi na idadi ya watu ni namba kamili, na maktaba za jedwali zilizojengwa juu ya Leptos, kiunzi cha Rust cha kuundia kurasa za wavuti, humwezesha, kwa makro, kuigeuza kila sehemu ya muundo huo kuwa safu. Orodha ya safu huwekwa mbali na thamani zenyewe, hata msomaji akiihamisha safu au kuificha, kinachobadilika ni orodha, na tarakimu haiguswi. Seli nayo huweza kupewa mchoraji wake: siku iliyohifadhiwa kwa namba moja tu, ikaonyeshwa kwa mwongo kwa atakaye, na kwa tarehe ya Kizungu kwa mwengine. Mistari ikiwa maelfu, huchorwa ile iliyo mbele ya macho peke yake, ili simu dhaifu isielemewe.

Ninaloshikilia zaidi ni habari ya seli tupu. Rust humlazimisha mwundaji, kwa aina iitwayo Option, kukiri kwamba thamani huenda isiwepo; lakini ukiiacha ipange kuanzia dogo kwenda kubwa, huziweka zisizo na thamani mbele ya kila namba, na msomaji aliyeghafilika atadhani shehia hizo ndizo zenye watu wachache kabisa. Basi mwundaji sharti aamue mwenyewe kuzipeleka mwisho na kuzitia alama. Kuandika sifuri mahali ambapo hapakuhesabiwa ni uwongo, hata ukifanywa kwa kupenda unadhifu, na mwenye kufanya hivyo amekhini amana.

Vijana wa Tibirinzi mnaojifunza lugha hii, nawasihi muanze na jedwali la miongo kabla ya biashara yoyote: mistari 36 na mmoja wa gatha, na safu za upepo, mvua, kilimo na bahari. Wafuateni wazee wa Wesha, Kojani na Micheweni, muwaombe idhini kabla ya kuandika, na pale wawili wanapokhitilafiana wekeni kauli zote mbili. Ambacho hamkukipata kwao, kiacheni kitupu.