Vijana Wetu na Amana ya Mali Ndogo

Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), alipokuwa kijana, kabla ya kupewa utume, alihudhuria mapatano yaliyofanywa Makka katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an. Watu wa koo mbalimbali waliahidiana kumsaidia kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni. Mapatano hayo yaitwa Hilful-Fudhul. Hata baada ya kuja Uislamu Mtume aliyasifu, na akasema kwamba lau angeitiwa jambo kama hilo angeitika. Basi kushirikiana katika kheri na wasiokuwa wa kwetu si jambo geni katika dini.

Twakumbusha hayo kwa sababu siku hizi iko mifuko inayowapa vijana mali kidogo, si mkopo bali msaada, wafanye kazi ya manufaa katika miji yenye watu wa kabila na dini mbalimbali. Mmojawapo ni Mfuko wa Mshikamano wa Vijana, ulioanzishwa mwaka 2008 chini ya Umoja wa Mataifa. Kikundi kilichochaguliwa kiliweza kupewa hadi dola 25,000, kwa sharti kwamba kiongozwe na vijana wenyewe.

Sharti la namna hiyo ndilo linalotushinda sisi wazee, na yatupasa tuseme kweli. Katika mtaa wetu hapa Mombasa, vijana wa madrasa pamoja na wenzao wa kanisani walipata msaada mdogo wa kuzibua mtaro. Wakamchagua mtunza fedha binti wa Kikristo, kwa kuwa alijua hesabu kuliko wote. Sisi tuliokaa barazani tukanuna. Tukasema: Vipi mali ishikwe na mtoto wa watu, na wetu wapo? Tukawazuia. Majuma sita yakapita kwa ubishi, na masika hayakutungoja. Maji yakaingia nyumbani kwa mjane Muislamu, yakaharibu gunia la unga aliokuwa akipikia maandazi ya kuuza. Tulidhani twawalinda Waislamu, kumbe twamdhuru Muislamu.

Binti yule hakutujibu kwa ukali. Alileta daftari, na kila shilingi ina stakabadhi yake. Tuliona haya, maana sisi ndio tunaowasomesha watoto aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iamrishayo deni liandikwe na liwe na mashahidi. Tuliisomesha, wala hatukuitumia.

Tunajua wako wazazi wanaohofu kwamba mtoto akichanganyika atapotea. Hofu hiyo haipuuzwi. Lakini dawa yake ni kumfundisha dini yake barabara nyumbani, na kuyasoma masharti ya msaada kabla ya kutia sahihi. Yakiwa na la haramu, msaada ukataliwe. Yakiwa safi, vijana waachiwe kazi. Hesabu isomwe hadharani kila mwezi, fedha zisitolewe ila kwa sahihi za watu wawili, na wazee wawe washauri, si wenye mfuko.

Mtaro ule ulimalizika baada ya mvua. Mjane alisamehe, na vijana wa dini zote mbili walichanga wakamnunulia unga mwingine. Sisi wazee hatukuombwa kitu. Tulichanga kwa aibu yetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutimiza amana, na wenye kuwaamini watoto tuliowalea wenyewe. Amin.