Anafunga Utepe au Anaufungua?

Katika Makumbusho ya Kansong jijini Seoul kuna mchoro wa Shin Yun-bok, wa enzi za ufalme wa Joseon huko Korea, unaoitwa Picha ya Mrembo. Mwanamke amesimama peke yake. Wigi limemwelemea kichwani, jaketi fupi limembana kifua, sketi imefura kama kengele, na chini yake umechomoza mguu mmoja tu, wenye soksi nyeupe. Mkono mmoja unachezea kidani kinachoning'inia, mwingine umeshika utepe wa jaketi.

Anaufunga au anaufungua? Wakorea wenyewe wamebishana, na mimi swali hilo limeninyima raha. Mteja kaondoka, au ndiyo kwanza anaingia? Wengi wanaamini mwanamke huyu ni kisaeng, yaani mburudishaji wa mabwana. Jina lake halimo. Pembeni Shin kaandika mistari miwili, na sifa imekwenda kwa brashi yake.

Makisaeng waliimba, walicheza na kutunga mashairi mbele ya mabwana, huku wakihesabiwa tabaka la chini kabisa, mali ya serikali. Mageuzi ya 1894 yalifuta matabaka, biashara ikabaki. Mwaka 1918, chini ya Wajapani, kilitoka kitabu cha picha za makisaeng zaidi ya 600, kila mmoja na umri wake na anachokijua, mteja achague. Humo yumo Kim Hyang-hwa wa Suwon. Mwaka uliofuata aliwaongoza wenzake wapatao 30 kudai uhuru mtaani, akafungwa jela.

Ila walionigusa zaidi ni wale waliochapisha jarida lao wenyewe, Janghan, mwaka 1927. Jalada la kwanza lilimwonyesha kisaeng ndani ya tundu la ndege. Makala ya ufunguzi, iliyoandikwa na mmoja wao, haikupamba kitu: heri kazi hii ingekufa, lakini maadamu ipo, wanaoifanya wapate pa kusemea. Hakuomba kuhurumiwa, wala hakudai kwamba anaipenda.

Wasanii wa ngono wa leo wanaojipiga picha wenyewe husema maneno ya ukoo huohuo: kamera yangu, bei yangu. Kwa sheria ya Korea Kusini kusambaza picha hizo ni kosa. Kuuza ngono nako ni kosa: mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ilikataa hoja ya mwanamke aliyetaka kuuza ngono kwa hiari kusiwe jinai. Majaji walisema hiari hiyo ina mashaka pale penye njaa. Wanaweza kuwa sahihi. Lakini ni kazi gani ya maskini ambayo njaa haimo, na mbona nyingine haziadhibiwi?