Matembezi ya Msituni Udzungwa: Anza kwa Kupanga Saa ya Kurudi

Likizo ya Juni aghalabu huzaa mipango ya kuwatoa watoto mjini, na miongoni mwa mahali panapostahiki safari hiyo ni Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 katika mikoa ya Morogoro na Iringa. Waliozoea Mikumi au Serengeti, ambako mgeni huketi garini akingoja simba ajitokeze, watakuta mambo tofauti huku. Udzungwa hutembelewa kwa miguu. Msitu wake hupanda bila kukatika kutoka mita 250 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000, na ndimo anamoishi mangabei wa Sanje, kima ambaye wanasayansi hawakumjua mpaka mwaka 1979, ilhali wanavijiji walikuwa jirani zake siku zote.

Njia inayopendwa zaidi ni ile ya maporomoko ya Sanje, ambako maji huanguka mita 170. Urefu wake ni yapata kilomita 5. Mtu wa mjini akisikia kilomita 5 hucheka, na kicheko hicho ndicho chanzo cha mashaka mengi. Mwaka 1892 Mskoti mmoja mpanda milima, William Naismith, aliweka kanuni inayotumika hadi leo: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza nusu saa kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa kanuni hiyo, Sanje ingemalizika kwa muda usiofika saa mbili. Lakini hifadhi yenyewe huihesabu kuwa safari ya nusu siku. Naismith alipima mwendo wa mtu mzima mwenye mapafu ya mlimani, tena bila kusimama. Hakuhesabu mizizi yenye utelezi, mtoto wa miaka saba anayetaka kumwona kila kipepeo, wala shangazi mwenye magoti mabovu.

Kwa hiyo mpango mwema huanzia mwisho. Karibu na ikweta machweo hayana subira: jua likishazama, giza kamili haliko mbali, na chini ya miti mikubwa giza hutangulia kuingia. Tuseme familia inataka kuwa nje ya msitu saa 8 mchana, ikiwa na akiba ya kutosha kabla ya magharibi. Basi ianze kutembea saa 2 asubuhi, na ikubaliane kabla ya kuondoka kwamba ikifika saa 5 na nusu bado inapanda, itageuka, hata kama sauti ya maporomoko imekwisha kusikika. Makubaliano haya yafanyike nyumbani, watu wangali wametulia. Juu mlimani kila mtu huwa na hoja nzuri ya kuendelea kidogo.

Mwendo nao uwe wa yule aliye mzito kuliko wote. Atembee karibu na mwongozaji, mbele, si nyuma ambako huachwa akihema peke yake. Ikionekana dhahiri kwamba hatamudu, zipo njia fupi zaidi karibu na makao makuu ya hifadhi, Mang'ula, na hakuna aibu kuzichagua.

Hesabu ya pili ni maji. Katika joto la kawaida mtembeaji huhitaji yapata nusu lita kwa saa. Saa nne ni lita 2 kwa mtu, na familia ya watu watano itahitaji lita 10. Kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hizo ni kilo 10 ambazo lazima mtu azibebe kupanda nazo mlima. Zigawanywe mabegani mwa watu wazima na vijana, na chakula kiwe chepesi: tende, karanga, ndizi, viazi vya kuchemsha. Mifuko ya plastiki iachwe, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Kima na nyani wasilishwe chochote.

Kandambili hazifai kabisa. Vaa raba au buti zenye nyayo zinazoshika. Kwa kina mama, buibui refu hunasa miibani na kukanyagwa wakati wa kushuka. Gauni la pamba lifikalo chini kidogo ya magoti, juu ya suruali pana iliyochomekwa ndani ya soksi, lina stara ile ile na huwazuia siafu kupanda miguuni.

Hatari kubwa ya Sanje si wanyama, ingawa tembo na nyati wamo na ndiyo sababu msitu huu hauingiwi bila mwongozaji. Hatari ni mawe. Kingo za maporomoko hulowa mvuke mchana kutwa, huota ukoka laini wa kijani, na mguu huteleza mtu akipiga picha. Mtoto ashikwe mkono mahali hapo, asiitwe tu kwa sauti. Mvua ikinyesha juu milimani, kijito kinaweza kujaa ghafla hata kama bondeni kuna jua. Maji yakianza kubadilika rangi, tokeni mara moja. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo mikavu. Masika, Machi hadi Mei, ni bora kuahirisha.

Anayetoka Dar es Salaam ana kilomita 350 za barabara, kupitia Mikumi, ambako bado hubaki kilomita 65. Kuondoka alfajiri na kutumaini kupanda siku hiyo hiyo ni kujidanganya, lala Mang'ula. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio nafuu kuliko mgeni, hivyo kila mtu mzima achukue kitambulisho chake, na viwango vya mwaka huo viulizwe hifadhini kabla ya safari.

Mwisho, mtu mmoja aliyebaki nyumbani apewe karatasi yenye jina la njia, idadi ya watu, namba ya simu ya hifadhi na saa mtakayompigia. Tuseme ni saa 10 alasiri. Msitu hauna uhakika wa mtandao, kwa hiyo asihangaike kabla ya hapo. Saa 11 ikifika bila simu yenu, yeye ndiye awapigie hifadhi, maana kungali na mwanga wa kuwatafuta.